Msitu wa Tambiko na Ubao wa Darasani

Katika Uzigua, nchi ambayo leo ni sehemu kubwa ya Handeni na inaingia pia Korogwe, ilikuwapo tangu jadi misitu isiyoingizwa shoka. Mmoja ulikuwa wa tambiko la mvua, mwingine wa jando, mwingine wa makaburi ya wazee wa ukoo. Watafiti waliopita Handeni katika miaka ya 1990 waliikuta misitu ya namna hiyo kwa mamia, aghalabu midogo sana, imesimama katikati ya mashamba. Haikuwa na askari. Iliyoilinda ni hofu: mtu aliyekata mti humo bila idhini ya wazee aliamini kwamba atapatwa na maradhi, au kwamba mvua itazuiliwa kwa ajili yake na jirani zake watakufa njaa.

Kisha shule ikafika. Mwalimu alifundisha kwamba mvua hutokana na mvuke unaopanda na kupoa, na kwamba maradhi huletwa na vijidudu. Alisema kweli. Lakini kijana aliyetoka darasani na kupita kando ya msitu ule hakuona tena mzimu. Aliona kuni, magogo na magunia ya mkaa. Je, shule ndiyo iliyoukata msitu? Swali hili linamhusu mwalimu wa Kwaluguru na wa kijiji chochote cha Handeni na Korogwe, na hapana budi tulijibu kabla ya kuzungumzia elimu ya mazingira.

Wako wasemao kwamba yafaa tuirudishe hofu ya zamani. Sisi hatuoni njia ya kufanya hivyo. Imani iliyokwisha kutiwa shaka hairudi kwa amri, na mwalimu anayefundisha jambo asiloliamini anawadanganya watoto wa watu. Tena hofu ile ilikuwa ya ukoo. Mfugaji wa Kimasai aliyehamia Handeni na ng'ombe wake, au mchoma mkaa aliyetoka mkoa mwingine, hana sababu ya kuogopa mizimu ya Wazigua.

Wengine husema dawa ni sheria kali. Sheria ni lazima, lakini sheria peke yake ni hofu ya pili iliyowekwa mahali pa ile ya kwanza. Na katika jambo hilo mzimu ulimshinda afisa: haukulala, wala haukupokea rushwa. Mtu anayejizuia kwa kuogopa faini tu ataukata mti siku asipoonekana.

Basi tuichunguze desturi yenyewe. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya mazingira ya kaskazini mashariki ya Tanzania, ameeleza jinsi watu wa Uzigua walivyoweza kuzuia vichaka, na mbung'o pamoja navyo, kwa kulima na kukaa katika nchi yao kwa mpango. Njaa na utawala wa kikoloni vilipowadhoofisha na kuwatawanya, vichaka vilirudi, mbung'o wakaenea, mifugo ikafa. Twajifunza nini hapa? Kwamba jamii iliyokataza shoka mahali fulani iliagiza shoka mahali pengine. Walijua pa kukata na pa kuacha. Hofu ilikuwa ganda. Kiini chake kilikuwa ujuzi wa nchi, pamoja na mazoea ya kuamua mambo ya ardhi kwa pamoja. Shule ilivunja ganda, na mara nyingi ikakitupa kiini pia.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya mwalimu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe sehemu ya kijiji, si kisiwa. Mwaka 1977 mkutano wa UNESCO uliofanyika Tbilisi ulisema kwamba elimu ya mazingira ni ya watu wa rika zote, ndani ya shule na nje yake. Mwaka 1980 kampeni ya Misitu ni Mali iliwafikia watu wazima kwa njia ya redio. Hayo yote yalikuwa mema. Lakini aghalabu mwanakijiji aliambiwa la kufanya, hakuulizwa alijualo. Mwalimu naye mara nyingi ni mgeni. Hajui majina ya miti kwa Kizigua. Wanafunzi wake wanayajua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone kwa ujio wa mwalimu, yafaa mwalimu akubali kwanza kufundishwa. Awapeleke wanafunzi kwa wazee, wakaandike kila msitu na kila chemchemi: jina lake, miiko yake, na mwaka maji yalipokauka. Kisha warudi darasani wapime mvua, wachimbe udongo wa msituni na wa shambani, waulinganishe, waone kwa nini maji hukawia chini ya mizizi na hukimbia palipo wazi.

Wazee nao hawana budi kukubali kuulizwa. Desturi haikumpa kila mtu sauti. Mathalani, msitu wa jando la wanaume haukuamuliwa na wanawake, ingawa ni wao wanaotafuta kuni na maji. Mwiko usioelezwa sababu utakufa pamoja na aliyeuweka. Ulioelezwa sababu unaweza kushikwa na mwanamke, na mfugaji, na mgeni.

Limebaki neno moja. Mchoma mkaa mwenye njaa anajua vizuri kuliko sisi kwamba miti inakwisha. Kumhubiria asiye na mamlaka juu ya ardhi yake wala chakula cha kesho ni kumlaumu, si kumwelimisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji uwezo wa kusimamia ardhi yake na kutenga msitu wake wa hifadhi. Kwa hiyo somo lililoanzia kwa wazee na kupita ubaoni lifike katika mkutano mkuu wa kijiji. Hapo daftari la wanafunzi lisomwe mbele ya wote, na watu waamue ni wapi patakatwa, ni wapi pataachwa, na yule atakayekosa riziki kwa uamuzi huo atasaidiwaje.

Tukirudi kwenye swali letu, shule haikuukata msitu kwa kusema kweli. Kosa lake ni kuishia njiani: ilimwondolea mtoto hofu, isimkabidhi wajibu. Kazi hiyo ingaliko, na mwalimu na mzee wataimaliza wakiifanya pamoja.