Mikato Miwili ya "That Is"

Waingereza wana kifungu kidogo, "that is", wanachokitumia pale sisi tunaposema "yaani". Sarufi yake haimalizi hata kipindi kimoja darasani: kikikaa katikati ya sentensi kinawekewa mkato mbele na mkato nyuma, na kikianzisha sentensi kamili hutanguliwa na nukta mkato. Ukiiondoa mikato hiyo, "that is" inaweza kusomeka kama "ambaye ni", na maana inahama.

Ingekuwa hayo tu, nisingeandika. Kinachonisumbua ni kile mikato inachoahidi. Chukua sentensi hii: "We help the poor, that is, those who work hard." Tunawasaidia maskini, yaani wale wanaojituma. Kisarufi haina kasoro. Lakini mikato ile ni kama alama ya sawasawa kwenye hesabu. Inadai kwamba cha kushoto na cha kulia ni kitu kimoja. Je, ni kimoja? Mgonjwa asiyeweza kushika jembe alikuwemo kushoto. Kulia hayumo. Katolewa, na hakuna aliyetamka "isipokuwa". Neno "isipokuwa" lingempa nafasi ya kubisha. "Yaani" inamwambia hakuwahi kuwemo. Mimi huo nauita uongo, hata kama kila mkato umekaa mahali pake.

Kifupisho chake ni "i.e.", kutoka Kilatini, id est. Wamarekani wengi huweka mkato baada yake, Waingereza wengi hawaweki, na gazeti la The Guardian huandika "ie" bila nukta. Hapo kila mtu na kwake. Ila kukichanganya na "e.g.", yaani "kwa mfano", si mchezo. Kanuni ikisema "vyombo vya moto, i.e. mabasi na malori", bodaboda yuko nje, ikisema "e.g.", bodaboda anaweza kuwa ndani. Mwaka 2016 wasimamizi wa GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, walitangaza kuachana na vifupisho hivi. Sababu mojawapo: baadhi ya programu zinazowasomea wasioona zilikuwa zikitamka "eg" kama "egg". Mtu anasikiliza masharti ya serikali, mara anasikia yai!

Wenzangu wa chumba cha habari watasema mwandishi ana haki ya kufafanua alichokusudia. Sawa, kwa maneno yake mwenyewe. Lakini sisi tunaishi kwa maneno ya watu. Mtu kasema "wakubwa wanajua", nami ndani ya nukuu naweka mabano ya mraba: mawaziri. Kama sikumuuliza, hapo sifafanui, namlisha maneno. Tena atakayeitwa kujieleza kesho ni yeye, wala si mabano yangu. Na namba yake ya simu ninayo.