Asifuye Mvua Iliyomnyea Mwingine

Tarehe 3 Juni 1994, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Mitsuharu Misawa alitetea taji la mikanda mitatu la All Japan Pro Wrestling dhidi ya Toshiaki Kawada. Walipambana karibu dakika 36. Mwandishi wa Marekani, Dave Meltzer, alilipa pambano hilo nyota tano, na hadi leo mashabiki wa mieleka hawajaacha kubishana juu yake. Wapo wanaoapa kwamba halijatokea lililo bora zaidi. Wapo pia wanaoukubali ubora wake lakini hawana tena moyo wa kulitazama hadi mwisho.

Ni rahisi kusema kila mtu na ladha yake, yakaisha. Lakini anayeliita pambano bora hakwambii tu kwamba limemfurahisha. Anadai kwamba nawe ungepaswa kuuona ubora huo, na yuko tayari kukuonyesha ulipo. Atakukumbusha kwamba wawili hawa walisoma sekondari moja, Kawada akiwa nyuma kwa mwaka mmoja, na kwamba ulingoni nako aliendelea kuwa mdogo anayemfukuzia mkubwa wake. Atakuonyesha mateke ya Kawada na viwiko vya Misawa, jinsi kila pigo linavyojibu lililotangulia. Hoja hizo zina mashiko. Basi ubishi huu una kitu ndani yake, na kitu hicho kinastahili kuchunguzwa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1957, mwandishi Mfaransa Roland Barthes alisema kwamba mieleka ni tamasha, na kwamba mtazamaji haendi kusaka ukweli wa nani kashinda. Anakwenda kuona maumivu yakionyeshwa, kama yanavyoonyeshwa jukwaani. Kwa sehemu kubwa alisema kweli: mshindi huwa amepangwa kabla ya kengele kulia. Lakini tazama namna pambano la Budokan lilivyomalizika. Misawa anamwinamisha Kawada, anaibana mikono yake yote miwili kwa nyuma, anamnyanyua, kisha anamshusha. Kwa kuwa mikono imefungwa, Kawada hawezi kuitumia kujikinga. Shingo na mabega ndivyo vinavyofika chini kwanza. Mbinu hiyo inaitwa Tiger Driver '91, na Misawa aliitumia kwa nadra mno. Matokeo yalipangwa, ila sakafu haikupangwa. Hapo maumivu yalikuwa yakionyeshwa na kupatikana kwa pamoja, na nadharia ya Barthes haitoshi.

Sasa tujiulize nani aliyeomba shingo ile. Mtindo wa All Japan wa miaka hiyo ulikuwa wa kupanda ngazi: lililowainua watu mwaka huu haliwatoshi mwaka ujao. Mpinzani aliyeanguka kwa mbinu fulani jana, leo anainuka kutoka kwenye mbinu ileile, ukumbi unatetemeka kwa shangwe, na kesho itatafutwa kali zaidi. Shangwe ile ilikuwa maoni ya mashabiki, na maoni hayo yaliingia ulingoni yakaamua kitakachofuata. Tumezoea kudhani kwamba kazi hutangulia na hukumu hufuata. Katika sanaa inayochezwa mbele ya umati, hukumu ya leo ndiyo agizo la kesho.

Tarehe 13 Juni 2009, huko Hiroshima, Misawa alirushwa kwa nyuma kwa mbinu ya kawaida kabisa, akaumia uti wa mgongo shingoni, akafariki. Alikuwa na miaka 46. Itakuwa kosa kuchagua usiku mmoja wa mwaka 1994 na kuubebesha kifo hicho. Lakini itakuwa kosa vilevile kujifanya kwamba mwili ule haukuwa umeweka hesabu ya miaka yote.

Kuna anayepinga: walikuwa watu wazima, waliijua kazi yao, na kuwaona kama wahanga ni kuwavunjia heshima. Pingamizi hilo lina uzito, na halitupi ruhusa ya kukataza lolote. Lakini hiari yao haifuti ombi letu. Mtu akikubali kulipa bei, aliyeitaja bei bado ana sehemu yake. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea, wakimaanisha kwamba sifa hupata uzito kwa yaliyompata msifu. Shabiki yuko upande wa pili: anasifu mvua iliyomnyea mwingine, naye amekaa pakavu.

Je, anyamaze? Hapana. Aseme kwa uangalifu ni nini hasa anachosifu. Kawada alisubiri hadi tarehe 1 Mei 1998, katika Tokyo Dome, ndipo akamvua Misawa taji hilo. Miaka yote ya kusubiri ndiyo iliyolipa pigo la 1994 maana yake. Ukiondoa kisa hicho, kuanguka kwa shingo kunabaki ajali ya kutisha. Ukikibakiza kisa na kupunguza hatari, sehemu kubwa ya uzuri inasalia. Kwa hiyo anayesema pambano ni bora kwa sababu ya shingo amesifu kitu kisicho chanzo cha ubora, na sifa yake inamwomba mwanamieleka mwingine, ambaye hajapanda ulingoni bado, alipe bei ambayo haikuhitajika.