Sajilini Kampuni, Tena Mjue Bei Yake Yote

Vijana wa Lupembe, nasema nanyi mnaopasua mbao kwa mashine za dingdong, mnaochuma parachichi, mnaopeleka majani mabichi ya chai kiwandani na mnaopandisha mananasi kutoka Madeke. Mali mnayo. Lakini mnunuzi mkubwa akija na mkataba akauliza kampuni yenu, mnabaki mnatazamana. Mkataba unaishia kwa dalali mwenye karatasi, naye anarudi kununua mzigo uleule kwenu kwa bei ya kutupa. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa yake mnaimudu.

Wengi wanaiogopa gharama ya kusajili kampuni kabla ya kuihesabu. Haya, tuihesabu. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hutoza ada ya usajili kwa kufuata mtaji wa hisa mnaoutaja. Mtaji usiozidi shilingi milioni 1, ada ni 95,000. Ukizidi hapo hadi milioni 5, ni 175,000. Ukivuka milioni 5 hadi 20, ni 260,000. Ongezeni 66,000 za kuwasilisha nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu. Watu watano wenye mtaji wa milioni 3 watalipa 247,200, haifiki 50,000 kwa kila mmoja! Na hizo milioni 3 hampeleki BRELA. Ni hisa zenu. Maombi hufanyika mtandaoni kwa namba za NIDA. Wakili wa kushuhudia fomu ana malipo yake, basi ulizeni bei kwa zaidi ya mmoja, Njombe na Makambako.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kampuni nyingi hufia. Kusajili ni mara moja, kuitunza ni kila mwaka. Taarifa ya mwaka ya BRELA ni 22,000, na ukichelewa unaongezewa 2,500 kila mwezi. TRA wanataka makadirio ya kodi mwanzoni mwa mwaka na ritani baada ya mwaka kuisha, ikiwa imepitiwa na mhasibu aliyesajiliwa. Faida hutozwa asilimia 30. Hata msipouza ubao mmoja, ritani inatakiwa, na kiwango cha chini cha faini ya kampuni kwa kuichelewesha ni mara 3 ya kile cha mtu binafsi. Mhasibu ndiye gharama kubwa kuliko zote hizo za makaratasi. Mwekeeni fungu lake tangu mauzo ya kwanza.

Kama uko peke yako na biashara bado changa, anza na jina la biashara. Linasajiliwa kwa 20,000. Ila deni la biashara hiyo ni lako, litakufuata hadi kwenye shamba la miti aliyokuachia baba. Kampuni inaweka ukuta hapo: mwenye hisa hupoteza hisa zake, shamba linabaki. Ukuta huo msiubomoe wenyewe kwa kusaini dhamana binafsi benki bila kusoma.

Basi kaeni kikao wiki hii. Chagueni wakurugenzi mnaowaamini, andikeni nani ana hisa ngapi, kila mmoja atoe 50,000 yake mezani, na mhasibu mkubaliane naye kabla ya kutuma maombi. Msimu ujao wa parachichi mnunuzi akiuliza kampuni, mpeni cheti chenu.