Nikeli na Jasho

Je, kitu kikongwe kina haki ya kubaki kikongwe? Utasema hilo ni swali la watu wasio na shughuli. Lakini wako mafundi wa magitaa, hasa huko Marekani, wanaokutana nalo kila wanaposhika msasa, na jibu wanalolitoa kwa mikono yao halifutiki tena.

Nazungumzia magitaa yenye mwili wa chuma, yale yaliyoanza kutengenezwa na kampuni ya National mjini Los Angeles mwaka 1927. Kama umewahi kushika albamu ya Dire Straits ya 1985, Brothers in Arms, basi unalijua: ndilo lile linaloelea angani kwenye jalada. Chuma cha nini? Cha kelele, ndugu yangu. Siku hizo gitaa la umeme lilikuwa bado halijaingia sokoni, na gitaa la mbao likikaa katikati ya matarumbeta linamezwa. John Dopyera, fundi mhamiaji aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Slovakia, akaweka ndani ya gitaa koni tatu za alumini, nyembamba, zinazotetemeka kama spika. Baadaye yakaja ya koni moja, ya bei nafuu. Duolian, lenye mwili wa chuma uliopakwa rangi, liliuzwa dola 32.50, na ni magitaa ya aina hiyo yaliyofika kwa wapiga blues weusi wa Kusini, watu wa barabarani na wa vilabu vya pombe. Bukka White alipiga National. Son House naye, alipotafutwa na kupatikana tena mwaka 1964, alirudi jukwaani na National mkononi.

Sasa basi, miaka inapita. Nyuzi zinaivuta shingo usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala kwenye kasha. Shingo inanyanyuka, nyuzi zinakwenda juu, vidole vinauma, sauti inatoka nje ya tuni. Hapa mimi sina ubishi: fundi atengeneze. Kwenye mengi ya magitaa haya shingo ya mbao inaendelea ndani ya mwili kama kijiti kirefu. Fundi anafungua kifuniko, anatoa koni, anakilegeza kijiti, anabadili pembe yake kwa vipande vidogo vya mbao, kisha anafunga. Akiwa fundi kweli, hutajua kama aliingia. Gitaa lililotengenezwa ili lipigwe linarudi kupigwa. Nani atalalamika?

Ugomvi unaanza kwenye ngozi.

Style O, kwa mfano, ni gitaa ambalo mengi yake yana mwili wa shaba ya manjano uliochovywa nikeli, na juu yake kuna michikichi na mandhari ya Hawaii iliyochorwa kwa kupuliziwa mchanga. Nikeli hiyo ni utando tu. Mahali mkono wa mpigaji ulipoegemea kwa miaka thelathini, jasho limeila, imekuwa ya kijivu, pengine shaba imechungulia. Mwenye gitaa anataka ling'ae. Haya, fundi atalichovya upya. Lakini kabla ya kuchovya lazima nikeli ya zamani itolewe na mwili usuguliwe mpaka uwe laini, na ule msuguo haujui kutofautisha uchafu na mchikichi. Ile michoro inafifia. Kwenye magitaa yaliyochongwa maua kwa mkono, mistari inapoteza makali yake.

Wapo watakaonijibu, na jibu lao si la kijinga: mfanyakazi wa Los Angeles alilitoa gitaa lile kiwandani likimeremeta kama kioo. Huo mng'aro ndio uliokuwa nia yake. Eti kwa nini tuheshimu jasho kuliko kazi ya fundi wa kwanza? Nakubali, mng'aro ule ulikuwa wa kweli. Ila ulikuwa wa kweli siku ya kwanza, na baada ya siku hiyo zimekuja nyingine elfu ishirini na zaidi. Mpigaji wa mtaani hakuacha picha wala barua. Huenda alama pekee aliyoiacha duniani ni lile doa la kijivu pale kiwiko chake kilipokaa. Unapolisugua, unamfuta mtu asiyeweza kuja kukudai. Tena anayetaka gitaa jipya linalong'aa hana kisingizio, maana kampuni ya National Reso-Phonic ilianzishwa California mwaka 1989 kuyatengeneza upya.

Kwa hiyo rahisi, sivyo? Shingo itengenezwe, ngozi iachwe. Nami ningeishia hapo, kama yasingekuwapo magitaa ya kupakata.

Wahawaii hawakulikumbatia gitaa kifuani. Walilipakata mapajani, wakateleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mafundi kama Sol Hoopii walifanya maajabu kwa mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa ajili yao National ilitengeneza magitaa ya koni tatu yenye shingo ya mraba. Ni shingo ya madini yale yale ya mwili, yanayoitwa fedha ya Kijerumani ingawa hayana hata chembe ya fedha (ni shaba, nikeli na zinki), yenye uwazi ndani, imeungana na mwili. Nyuzi ziko juu mno, kidole hakizibani. Leo wanaotaka kulipiga hivyo ni wachache, na la shingo ya mviringo lina bei kubwa zaidi. Basi mtu ananunua la mraba, analipeleka kwa fundi, shingo inakatwa kwa msumeno, inapachikwa ya mbao.

Na anajitetea kwa maneno yangu mwenyewe! Gitaa ni la kupigwa, anasema. Lilikuwa limelala miaka arobaini, sasa linaimba. Ni kweli linaimba, ila wimbo wa watu wengine. Kuinyoosha shingo ni kumsikiliza aliyelitengeneza na kumsikiliza aliyelipiga. Kuikata ni kuamua kwamba Mhawaii yule alikuwa anashika gitaa vibaya. Tofauti ya kazi hizi mbili huioni kwenye vifaa wala kwenye risiti. Zote zinaitwa ukarabati.

Nimesikia hoja kwamba kipande kilichokatwa kinaweza kuhifadhiwa ndani ya kasha, pamoja na gitaa, ili atakayekuja aamue mwenyewe. Afadhali hivyo kuliko kukitupa. Lakini shingo iliyokatwa, hata ikiunganishwa tena kwa risasi na fundi bora, mshono wake utaonekana.