Simu tatu kabla ya vita: Msomaji alikuwa wapi?

Ndani ya siku tisa za mwezi Machi 2003, Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alizungumza kwa simu mara tatu na mtu ambaye hakuwa waziri, hakuwa mbunge, wala hakuwa jemadari au balozi. Mazungumzo hayo yalifanyika tarehe 11, tarehe 13 na tarehe 19. Tarehe 18 Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepiga kura ya kuidhinisha vita dhidi ya Iraq. Tarehe 20 mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Mtu huyo ni Rupert Murdoch, mzaliwa wa Australia, ambaye kampuni yake ilimiliki The Sun, The Times, Sunday Times na News of the World nchini Uingereza, mbali ya magazeti na televisheni za Marekani na Australia. Wananchi wa Uingereza hawakuwa na habari ya simu hizo. Walikuja kuelezwa Julai 2007, wiki chache baada ya Blair kuondoka madarakani, na hilo halikutokea kwa hiari ya wakubwa. Ilibidi mjumbe mmoja wa Baraza la Malodi, Lord Avebury, aombe, akataliwe, na aendelee kudai kwa miaka mitatu na zaidi. Na hata hapo, kilichotolewa ni tarehe tu. Walichozungumza wawili hao serikali haikukitoa.

Swali la kujiuliza hapa, ndugu msomaji, ni hili: kuna ubaya gani? Kiongozi kazungumza na mwenye magazeti. Je, hilo ni kosa?

Watetezi wa wakubwa hawa wana hoja zao, na si uadilifu kuzipuuza. Kwanza wanasema kuwa kiongozi asiyezungumza na watu wa magazeti hawezi kuifikisha sera yake kwa wananchi. Pili, Murdoch hakuhitaji kushawishiwa na mtu. Tangu Februari 2003 alikuwa ameshasema hadharani kuwa anaunga mkono vita, na kwamba faida kubwa kwa uchumi wa dunia itakuwa kushuka kwa bei ya mafuta mpaka dola 20 kwa pipa. Tatu, Jaji Brian Leveson, aliyepewa kazi ya kuchunguza mwenendo wa magazeti ya Uingereza na kutoa ripoti yake Novemba 2012, hakupata ushahidi wa mapatano ya wazi ya nipe nikupe kati ya Murdoch na wanasiasa. Murdoch mwenyewe alisema chini ya kiapo, Aprili 2012, kuwa hajapata kumwomba waziri mkuu yeyote kitu chochote.

Tuseme yote hayo ni kweli. Bado suala halijaisha, kwa sababu wanaotafuta mapatano ya wazi wanayatafuta kama wanavyotafuta risiti ya duka. Watu wazima wenye nguvu hawafanyi biashara namna hiyo. Hebu tuangalie mambo yalivyokwenda.

Julai 1995 Blair, wakati huo akiwa kiongozi wa upinzani, alipanda ndege kutoka London mpaka kisiwa cha Hayman nchini Australia kuhutubia mkutano wa kampuni ya Murdoch. Safari hiyo ni nusu ya dunia. Machi 1997, The Sun, gazeti lililokuwa likiuza nakala zaidi ya milioni 3 kwa siku na ambalo kwa miaka mingi lilikiunga mkono chama cha Conservative, liliwatangazia wasomaji wake kuwa sasa linamuunga mkono Blair. Mei mwaka huo akashinda. Naye John Major, waziri mkuu aliyeshindwa, alieleza chini ya kiapo Juni 2012 kuwa katika chakula cha usiku cha Februari 1997 Murdoch alimtaka abadili sera yake kuhusu Ulaya, la sivyo magazeti yake yasingeweza kumuunga mkono. Major hakubadili. Msomaji aweke kauli ya Major kando ya ile ya Murdoch, apime mwenyewe.

Kumbe ombi laweza kuwa ombi bila kuitwa ombi. Na aliyeona yaliyompata aliyekataa hahitaji kuombwa tena. Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mapatano yasiyosemwa hayaachi karatasi, hivyo kila mmoja anaweza kuapa kuwa hakuna kilichoombwa wala kilichoahidiwa, na asiwe amesema uwongo.

Sisi Waislamu tunacho kipimo cha zamani kuhusu jambo hili. Yule mtumishi aliyetumwa kukusanya zaka alirudi akagawa mali mafungu mawili, moja la Waislamu na jingine akasema amepewa yeye zawadi. Mtume (s.a.w.) hakumuuliza kama palikuwa na mapatano na waliompa. Alihoji kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kipimo hiki hakihitaji risiti wala shahidi wa chumbani. Kinauliza jambo moja tu: kama usingekuwa na cheo hicho, ungepewa hiki?

Basi tukitumie. Kama Blair angebaki kuwa wakili wa kawaida mjini London, je, angealikwa kisiwani Hayman? Na kama Murdoch angekuwa muuza vitabu mwenye duka moja, je, Waziri Mkuu angezungumza naye mara tatu katika siku tisa ambazo nchi inaelekea vitani? Jibu kila mtu analo. Urafiki wao ulitokana na vyeo, na ulistawi. Mwaka 2011 umma ukafahamu kuwa Blair amekuwa baba wa ubatizo wa mtoto mmoja wa Murdoch, katika sherehe iliyofanyika mwaka 2010 kando ya Mto Jordan.

Sasa tuulize kilichotolewa kilikuwa mali ya nani. Tunapozungumzia rushwa katika uandishi wa habari, akili zetu huenda haraka kwa yule mwandishi mdogo anayetoka kwenye mkutano na bahasha mfukoni. Huyo tunamlaumu, na anastahili lawama. Lakini bahasha ile hununua habari moja ya ukurasa wa ndani. Mwenye magazeti hapewi bahasha. Anapewa kusikilizwa na mkubwa wa nchi, na anachoweza kutoa ni mwelekeo wa gazeti zima. Mwelekeo huo una thamani kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mamilioni ya watu wanauamini. Imani hiyo ni amana. Msomaji aliiweka pale alipotoa fedha yake kununua gazeti, akidhani kuwa anayemsemesha anamsemesha kwa niaba ya ukweli. Hakuambiwa kuwa imani yake inahesabiwa kama mtaji kwenye meza ambayo yeye hajaalikwa.

Septemba 2002 serikali ya Blair ilitoa waraka uliodai kuwa Iraq inaweza kutumia silaha zake za maangamizi ndani ya dakika 45. Siku ya pili The Sun likawaambia wasomaji wake kuwa Waingereza wako dakika 45 tu mbali na maangamizi. Baadaye ikadhihirika kuwa taarifa yenyewe ilihusu silaha ndogo za uwanja wa vita, si makombora ya kufika mbali. Silaha za maangamizi zilizodaiwa hazikuonekana kabisa. Ikumbukwe pia kuwa Februari 15, 2003 watu wasiopungua laki saba, kwa hesabu ya polisi, waliandamana London kupinga vita. Kulikuwa na magazeti, kama Daily Mirror, yaliyosimama upande wao. Lakini magazeti ya Murdoch, zaidi ya mia moja katika mabara matatu, karibu yote yalisimama upande wa vita.

Hatusemi kuwa simu tatu ndizo zilizoleta vita. Vita ingekuwepo, maana Marekani ilikuwa imekwishaamua. Tunachosema ni kwamba baba wa Kiingereza aliyesoma The Sun akishawishika kuwa mwanawe aende Basra alikuwa na haki ya kujua kuwa mwenye gazeti hilo anazungumza faragha na yule anayempeleka mwanawe. Askari 179 wa Uingereza walikufa huko. Wairaki waliokufa wanahesabiwa kwa malaki, nao hawakuwa hata na gazeti la kununua.

Je, tiba ni nini? Kuwakataza viongozi wasizungumze na wenye magazeti haiwezekani, na pengine haifai. Tatizo liko kwenye mlango wanaopitia. Julai 2011, mbele ya kamati ya Bunge, Murdoch alieleza kuwa alipokwenda kumwona David Cameron baada ya uchaguzi wa Mei 2010, aliambiwa aingilie mlango wa nyuma. Inashangaza kuona mgeni mwenye mashine za kutangaza habari kwa mamilioni anafichwa ili asionekane na waandishi wa habari. Kama mazungumzo yale yalikuwa ya heri, mlango wa mbele ulikuwa na ubaya gani?

Mwezi huo huo, kashfa ya News of the World kudukua simu za watu ilipolipuka na gazeti lenyewe kufungwa, Cameron alilazimika kutangaza orodha ya mikutano yake na wamiliki na wahariri. Tangu hapo mawaziri wa Uingereza wakawa wanatangaza orodha za namna hiyo. Hiyo ni hatua, na nchi zetu zingeweza kuiga. Lakini orodha huandika mikutano na vyakula vya usiku, haiandiki kila kitu. Mwaka 2012 Rebekah Brooks, aliyekuwa mhariri wa The Sun kisha mkuu wa kampuni ya magazeti ya Murdoch, alieleza jinsi Cameron alivyokuwa akimwandikia ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa simu hauna mlango, wa mbele wala wa nyuma.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba inabaki mikononi mwa gazeti lenyewe. Tuchukue mfano wa Machi 20, 2003. Tuseme tahariri ya kuunga mkono vita ingebeba chini yake mstari mmoja usemao kuwa mmiliki wa gazeti hili alizungumza na Waziri Mkuu jana, na wiki iliyopita mara mbili. Tahariri isingebadilika hata neno. Msomaji angebaki huru kukubali au kukataa, ila angekuwa anajua anasemeshwa na nani. Mhariri anayeona mstari kama huo ungeiharibu tahariri yake ameshajua hali ya tahariri hiyo.

Wala jambo hili si la Waingereza peke yao, au la matajiri wenye ndege binafsi. Kila palipo na gazeti na mwenye madaraka, simu italia siku moja. Itamlilia mhariri wa gazeti kubwa, na itamlilia wa gazeti dogo, na anayepiga atakuwa na sauti ya upole na atamwita ndugu yangu. Kuipokea simu si dhambi. Lakini kesho yake gazeti likitoka, na mtu akatoa fedha yake akalinunua pale kituo cha daladala, je, atauziwa gazeti lile lile ambalo mhariri angeliandika kama simu isingelia? Na kama sivyo, nani atamwambia?