Nyaya Mbili, Njia Moja

Mwanangu, mchoro wako nimeusoma usiku kucha, na macho haya si ya zamani. Umeuchora kwa mkono safi. Makabati kumi na mawili ya seva yamejipanga, mtandao wa data umeupa rangi ya buluu, mtandao wa usimamizi kijani, na kila waya wa kijani umeuongezea mwenzake. Chini kabisa umeandika kwamba hakuna kifaa kimoja kinachoweza kuuangusha mfumo mzima. Sentensi hiyo nimeikuta kwenye michoro mingi. Walioiandika hawakuwa waongo. Walihesabu nyaya wakasahau kuuliza zinaishia wapi.

Zifuate kwa kidole hizo mbili za kabati la kwanza. Zinatoka kwenye swichi mbili tofauti, vizuri. Kisha zote mbili zinaingia kwenye zile ruta kuu zinazobeba buluu, na humo zinatenganishwa na VLAN peke yake. VLAN hutenganisha majina tu. Chuma ni kile kile, programu ni ile ile, umeme ni ule ule. Siku ruta hizo zikipagawa, buluu na kijani vitazimika pamoja, na siku hiyo ndiyo uliyoujengea huo mtandao wa kijani. Umeitumbukiza kamba kisimani pamoja na ndoo.

Usidhani nakudharau. Rogers ya Kanada ni kampuni ya simu na intaneti yenye watu waliobobea, na mwaka 2022 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 12. Alfajiri ya Ijumaa, Julai 8 mwaka huo, mafundi wake walikuwa kwenye hatua ya sita kati ya saba za kuboresha kiini cha mtandao. Wakaondoa kichujio kimoja kwenye ruta ya usambazaji. Taarifa za njia zikamiminikia ruta za kiini kuliko zilivyoweza kumeza, nazo zikaanguka. Simu zikakatika, intaneti ya majumbani ikakatika, malipo ya kadi madukani yakagoma, na wengi wakashindwa hata kupiga 911 kuomba msaada.

Kuanguka kwenyewe hakunishangazi, ruta huanguka. Nataka uzitafakari saa zilizofuata. Mtandao wa usimamizi wa Rogers ulipita kwenye kiini hicho hicho. Mafundi hawakuweza kuzifikia ruta wala kusoma kumbukumbu zake, na kutafutana wenyewe kwa wenyewe kukawa taabu, kwa sababu simu zao zilitumia laini za Rogers. Zilipita takriban saa 14 ndipo wakajua chanzo. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo ulifichua jambo jingine, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kazi hiyo ilianza ikiwa imepewa daraja la hatari kubwa. Kwa kuwa hatua za mwanzo zilikwenda salama, mfumo wa kupima hatari ukaishusha hadi hatari ndogo, na ruta zile zile zikaguswa kwa mkono mwepesi.

Facebook nao, Oktoba 4, 2021, amri moja ya matengenezo iliukata uti wa mgongo wa mtandao wao, na mtandao wa pembeni uliowekwa kwa dharura haukushika. Ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye vituo vilivyojengwa makusudi visiingilike kirahisi. Na huku kwetu, Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja upande wa kusini. Waliokuwa wamenunua nafasi kwenye zote mbili kwa ajili ya usalama wakagundua wamelipia njia moja mara mbili.

Kwa hiyo anza upya, bila kununa. Kijani kiwe na swichi zake, ruta zake, na mlango wake wa kutokea nje ya jengo, kwa mtoa huduma ambaye si yule wa data. Modemu ya 4G inatosha. Humo hupitishi filamu, unapitisha amri.

Najua utaniuliza kuhusu BMC, kile kidhibiti kidogo ndani ya kila seva kinachokaa macho hata seva ikiwa imezimwa. Seva nyingi zimekipa tundu moja tu la mtandao, kwa hiyo akiba yako inaishia kwenye swichi ya kabati. Kubali hivyo. Swichi hiyo ikifa, kabati moja halionekani, lakini seva zake zinaendelea na kazi, nawe utaibadilisha asubuhi baada ya kulala usingizi wako. Ila usikubali ule mpangilio wa kiwandani, ambapo tundu la usimamizi likikosa waya, kidhibiti kinahamia chenyewe kwenye tundu la data. Uzime. Kifaa hicho kina uwezo wa kuizima seva au kuiwasha kwa mfumo mwingine kabisa, na programu zake hazina sifa njema ya ulinzi. Mwaka 2017 ilibainika kwamba iLO 4, BMC ya kampuni ya HPE, ilikuwa ikimfungulia yeyote aliyeipelekea herufi A 29 mfululizo.

Ule waya wa katikati, unaounganisha upande A na upande B wa kijani, utoe. Umeandika ni wa usalama zaidi. Kitanzi kikitokea upande mmoja, tufani ya pakiti itauvuka na kuufikia upande wa pili, na vichakataji vidogo vya BMC hukabwa haraka na kelele za namna hiyo. Wenzetu wa IBM, kwenye mashine kubwa za Power zilizoenea makabati kadhaa, waliweka kompyuta mbili za usimamizi, kila moja na mtandao wake wa faragha. Moja ilishika vidhibiti vya umeme vya upande A, nyingine vya upande B. Kila moja iligawa anwani za DHCP kwenye mtandao wake tu, maana wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja huleta vurugu. Kila kabati ulipe subneti yake pia. Umeme ukirudi baada ya kukatika, vidhibiti vyote huamka kwa pamoja na kudai anwani kwa sauti moja, na ni afadhali zogo hilo libaki kabatini.

Sasa seva yako ya usimamizi. Umeiweka kama mashine pepe ndani ya makabati hayo hayo inayopaswa kuyawasha. Sitasema kitu. Chukua kompyuta mbili ndogo za kawaida, uziweke mbali mbali, kila moja kwenye laini yake ya umeme. Nywila zisitegemee seva ya utambulisho iliyo upande wa buluu. Pawe na akaunti ya ndani kwa kila kifaa, iliyoandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kwenye kasha. Orodha ya anwani ichapishwe pia. Swichi za kijani usinunue zile rahisi zenye pawa sapulai moja. Najua bajeti, mwambie bosi nimesema mimi.

Kisha ijaribu. Agosti 25, 2023, Kenya ilipoingia gizani, uwanja wa ndege wa JKIA ulikuwa na majenereta, ila lililohudumia sehemu ya majengo yake halikuwaka, na abiria wakabaki wakimulikana kwa simu. Wewe usingoje giza likufanyie mtihani. Waarifu wenye huduma, chagua usiku wa Jumamosi, uzime ruta zote mbili za buluu, kisha ukae nyumbani kwako ujaribu kuingia hadi kwenye BMC ya seva ya mwisho katika kabati la mwisho. Ukirudisha ruta, zima upande A wa umeme, urudie. Kisha B. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache, hata kama mara zote zilizopita zilikwenda salama, na hasa ikiwa zilikwenda salama. Ukikwama usiku huo nipigie, sitalala. Ila kwanza hakikisha laini ya simu yako haipiti kwenye ruta ulizozizima.