Faida ya Wengi, Hasara ya Wachache

Mwaka 1817 Mwingereza David Ricardo alitoa kitabu chenye mfano wa nchi mbili. Katika Ureno, divai yataka kazi ya watu 80 kwa mwaka, na nguo watu 90. Katika Uingereza, divai yataka watu 120, na nguo 100. Mreno amshinda mwenzake katika zote mbili. Hata hivyo yafaa Mreno ashike divai, Mwingereza ashike nguo, kisha wabadilishane; ndipo kila nchi itapata zaidi kwa jasho lile lile.

Hesabu hii hatuikatai. Lakini je, yule mfumaji wa Ureno atakwenda wapi? Karatasini amekwisha kuhamia shamba la mizabibu. Mwilini angali ameketi penye kitanda cha mfumi. Mwaka 2013 wataalamu David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walionyesha ya kuwa sehemu za Marekani ambazo viwanda vyake vilishindana na bidhaa za China zilipotewa na kazi nyingi, wala wenyeji hawakuhama sana.

Basi, tufunge bandari? La, anunuaye shati rahisi hakuiba. Ila wenye elimu hii husema kwamba waliofaidika waweza kuwalipa waliohasirika, nao wakabaki na ziada. Nasi twauliza: Je, wamewalipa? Maana kuweza kulipa siko kulipa, na mwenye deni hasamehewi kwa sababu mfuko wake umejaa.